Siku Moja Viwanja vya Pembeni: Wimbledon, Walioshindwa, na Namna Tunavyosoma

Hesabu ya mashindano makubwa ya tenisi ni rahisi, na ni ya kikatili. Wanaingia wachezaji 128 upande wa wanaume na 128 upande wa wanawake. Wiki mbili zikiisha, kila upande kuna mmoja tu ambaye hajafungwa. Wale 127 wengine kila mmoja amepoteza mechi moja, ile ya mwisho aliyocheza. Raundi ya kwanza peke yake inafagia nusu yao. Ukiangalia tenisi kwenye televisheni hesabu hii huioni vizuri, kwa sababu kamera inamfuata anayesonga mbele. Ukienda uwanjani raundi ya kwanza, ukakaa kutwa nzima, unaiona mpaka inakuchosha.

Mimi nilikwenda Wimbledon siku ya pili ya mashindano ya 2025, Jumanne tarehe 1 Julai, London ikiwa na joto la kushangaza. Nataka kuandika juu ya siku ile, ila pia juu ya waandishi watatu niliokuwa nao kichwani nikizunguka pale: John McPhee, David Foster Wallace na Claudia Rankine. Na nyuma ya hao kuna jambo linalotuhusu sisi tunaosoma na kuhakiki kwa Kiswahili. Nadhani tumezoea kusoma fainali tu. Tunasubiri mshindi atangazwe, halafu ndipo tunafungua kitabu.

Foleni na kadi

Wimbledon ina foleni inayojulikana dunia nzima. Unashuka kituo cha Southfields, unatembea mpaka bustani ya Wimbledon Park, unapewa kadi yenye namba. Kadi ndiyo nafasi yako. Ukitaka kwenda msalani unakwenda, ukirudi upo palepale. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya maji tunalielewa jambo hili bila kufundishwa: ndoo inakushikia nafasi, na atakayeisogeza ndoo ya mwenzake atakiona. Tofauti ni kwamba hapa wameiandikia kanuni na kuifanya sehemu ya sherehe. Watu wanakaa majanini na chai zao, wazee kwa vijana, wengine wamelala pale tangu jana na mahema.

Tiketi niliyopata ilikuwa ya kuingia ndani ya uzio tu. Haikufikishi Centre Court, wala kiwanja namba moja au namba mbili. Inakupa viwanja vya pembeni, ambako unakaa kwenye benchi popote penye nafasi, na pasipokuwa na nafasi unasimama. Bakuli la stroberi na malai, ambalo kwa miaka mingi liliuzwa pauni 2.50, mwaka huo lilikuwa 2.70, na niliwasikia watu watatu tofauti wakilalamikia hizo senti ishirini. Basi nikajua Waingereza nao ni watu.

Jambo la kwanza unaloligundua kiwanja cha pembeni ni ukaribu. Kwenye televisheni kamera kuu inakaa juu, nyuma ya mchezaji, na kutoka pale uwanja unaonekana mfupi na mpira unaonekana una haraka ya kawaida. Ukikaa ubavuni, karibu na mstari, unaona urefu wake wote, mita 23.77, na unaona jinsi mpira unavyopita juu ya wavu kwa nafasi ndogo sana kisha ukazama. Unasikia viatu vikikwaruza nyasi. Unasikia mchezaji akijisemesha kwa lugha yake, na hata kama huielewi unajua anajitukana.

Wallace alishalisema hili katika makala yake ya 2006 kuhusu Roger Federer, kwamba tenisi ya televisheni ni kitu kingine kabisa na tenisi ya kuona kwa macho. Yuko sahihi. Lakini tazama alikoishia. Miaka kumi nyuma, 1996, alikuwa amechapisha kwenye jarida la Esquire makala ndefu kuhusu Michael Joyce, Mmarekani aliyekuwa wa 79 duniani, akihangaika kwenye mechi za kufuzu za mashindano ya Montreal, Kanada. Mtu wa 79 duniani! Kwenye kazi nyingine yoyote, mtu wa 79 kwa ubora duniani kote angewekewa sanamu. Kwenye tenisi ya wakati ule alikuwa anaanzia kwenye viwanja visivyo na watu. Wallace anakaa naye, anaeleza maisha ya mtu aliyekabidhi utoto wake wote kwa kitu kimoja, na haamui kama amheshimu au amhurumie. Kwangu mimi hiyo ndiyo makala yake kubwa ya tenisi. Lakini waulize wasomaji wengi, watakutajia ile ya Federer. Hata ndani ya kazi za mwandishi mmoja tumechagua Centre Court, kiwanja cha pembeni tumekiacha.

Kumtangazia mtu wa Tanga

Saa nane mchana mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Yeye ni mtu wa mpira wa miguu, tenisi kwake ni mchezo wa watu wanaovaa soksi safi. "Dada, usinitumie picha. Nitangazie kama redioni."

Nikajaribu, simu mdomoni kwa sauti ya chini, kwa sababu pale ukipaza sauti mpira ukiwa unachezwa mwamuzi anakunyamazisha. Nilishindwa ndani ya dakika moja. Si kwa sababu Kiswahili hakina maneno. Maneno yapo tele, ila yamelelewa na mchezo mwingine. Watangazaji wetu wa kandanda wamejenga lugha nzima ya kuona kwa masikio. Mpira unatikisa nyavu, mtu anapigwa chenga, anapigwa tobo, anavishwa kanzu, kombora linatoka mguuni. Nikaona nianze na hayo. Mchezaji alipouinua mpira juu ya kichwa cha mwenzake aliyesogelea wavu, nikasema, "Amemvisha kanzu!" Likakaa vizuri kabisa. Walipofika arobaini kwa arobaini nikasema, "Ngoma droo," nalo likakaa.

Halafu mpira ukagonga wavu. Nikasita.

"Vipi, dada?"

"Umetikisa wavu."

"Bao!"

"Hapana. Kutikisa wavu huku ni kosa. Pointi inakwenda kwa mwenzake."

Kimya kidogo, kisha ujumbe mwingine. "Kwa hiyo huko wavu ukitikisika ni msiba?"

"Ni msiba."

"Haya, endelea. Lakini huo mchezo umekaa kinyume."

Umekaa kinyume kweli. Kwenye kandanda wavu ni mwisho wa safari. Kwenye tenisi ni ukuta wa katikati, na kila kitu chema kinatokea juu yake bila kuugusa. Nilipokuwa nikihangaika hivyo nikaona kwamba lugha iliyokuwa ikinifaa zaidi haikuwa ya watangazaji. Ilikuwa ya washairi.

Mshororo wa shairi la kimapokeo una pande mbili, ukwapi na utao, mizani nane huku, nane kule, na kituo katikati. Na tuna utanzu mzima wa malumbano, mtu anatupa ubeti, mwenzake anaujibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana na washairi wa Lamu karne ya kumi na tisa ikiwa changa, beti zikivuka bahari kwenda na kurudi, na nyuma yake kulikuwa na uhasama wa kweli wa miji miwili. Anayejibu hawi huru. Anapokea bahari ya mwenzake, anapokea vina vyake, na ndani ya kifungo kile anatafuta neno ambalo mwenzake hataliweza. Ndivyo wanavyochezeana mpira. Mpira unakuja na mzunguko aliouweka mwingine, kwa kasi aliyoiamua mwingine, na wewe unajibu kwa kutumia hivyohivyo alivyokupa. Mchezaji mzuri anamnyima mwenzake kina. Anampa mpira wa chini, usio na nguvu, usio na kitu cha kushika, mpaka mwenzake anakosa la kujibu.

Nilipomweleza hivyo mdogo wangu alisema, "Sasa nimeelewa. Ni taarab ya mafumbo." Sikumpinga.

Mwanamke wa kiwanja cha pembeni

Mechi niliyokaa nayo muda mrefu ilikuwa ya wanawake. Mmoja alikuwa miongoni mwa vinara 32 ambao mashindano yanawatenganisha wasikutane mapema. Mwingine alitokea kwenye mechi za kufuzu, zile zinazochezwa wiki moja kabla kule Roehampton, ambako lazima ushinde mara tatu ndipo upate haki ya kuingia Wimbledon yenyewe. Jina la huyu wa pili naliacha kwa makusudi. Siku ile haikuwa siku yake nzuri, na mimi sikuja kumtangaza.

Alicheza vizuri kwa saa mbili. Seti ya tatu aliongoza 5–2. Halafu, bila mtu yeyote kumfanyia jambo la ajabu, mkono wake ukaanza kufikiri. Mtu aliyekuwa akipiga mpira bila kuuliza akaanza kuuliza. Unaliona hili mwilini kabla hujaliona kwenye ubao: anadundisha mpira mara nyingi zaidi kabla ya kuanzisha, anaomba taulo ambayo haihitaji, anamtazama kocha wake. Kinara naye hakufanya maajabu. Alirudisha mpira tu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuaga. Ikawa 5–5. Ikawa 7–5.

Kilichonishika ni kilichofuata. Watu waliokaa nami walisimama kabla hajafunga mkoba wake. Kiwanja cha jirani kilikuwa na mechi nzuri na kila mtu alitaka benchi. Mimi nilibaki, tena si kwa wema wowote, miguu ilikuwa imeniuma. Basi nikamwona anavyopanga raketi zake moja moja, anavyomtilia sahihi mtoto mmoja kwenye mpira mkubwa wa njano, anavyotabasamu kwa sababu mtoto hana kosa. Kisha akatoka kwa njia ileile tunayopita sisi, katikati ya watu wenye bakuli za stroberi, na mlinzi mmoja mbele yake.

Mlango wa kuingilia Centre Court una mistari miwili ya shairi la Rudyard Kipling, inayomwambia mchezaji ayapokee mafanikio na maafa kwa uso uleule. Ni mafundisho mazuri. Lakini yako kwenye mlango wa wakubwa. Wanaoyahitaji zaidi siku ya pili ya mashindano hawapiti pale.

Tusimwonee huruma kupita kiasi. Mwaka huo aliyefungwa raundi ya kwanza aliondoka na pauni 66,000, bingwa pauni milioni tatu. Kwa mwalimu wa Tanga, pauni 66,000 ni hadithi ya Alfu Lela. Lakini mchezaji wa ngazi yake anamlipa kocha, tiketi za ndege, hoteli na tabibu wa misuli mwaka mzima, na mashindano mengi anayocheza hayalipi hata robo ya hapo. Ile game moja akiwa 5–2 ilikuwa na bei, na alikuwa akiijua wakati anadundisha mpira.

McPhee anampa aliyeshindwa kiti

Kitabu kilichonirudia nikiwa pale ni *Levels of the Game* cha McPhee, cha 1969. Kitabu chote ni mechi moja, nusu fainali ya US Open ya 1968 huko Forest Hills, New York. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi wa Richmond, Virginia, ambaye baba yake alikuwa mtunzaji wa kiwanja cha michezo cha watu weusi, anakutana na Clark Graebner, mtoto wa daktari wa meno wa Ohio. Ashe alishinda 4–6, 8–6, 7–5, 6–2, kisha akachukua ubingwa wenyewe. Kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kupokea zawadi ya dola 14,000.

Mwandishi mwingine angeandika kitabu cha Ashe, na Graebner angekuwa kigingi cha kupigia. McPhee anagawa kurasa sawa. Mpira unarushwa hewani, na kabla haujatua tumeshaingia kwenye nyumba ya utotoni ya mmoja wao. Tunarudi, mpira unapigwa, tunaingia nyumba ya mwingine. Unapomaliza unamjua aliyefungwa kama unavyomjua aliyeshinda. Hilo ndilo linalonifanya nikiite kitabu kikubwa.

Lakini nina ugomvi nacho. McPhee anaamini mno kwamba mtu anacheza kama alivyo. Graebner ni mhafidhina, basi mchezo wake ni mkavu na wa nguvu. Ashe ni mtu wa mrengo mwingine, basi anapiga mipira ya kubahatisha kwa ulegevu mzuri. Inasomeka vizuri, ila inafunga hesabu haraka mno. Yule mwanamke wangu aliongoza 5–2 akiwa mtu yuleyule aliyepoteza 7–5. Tabia yake haikubadilika ndani ya dakika ishirini. Kuna kitu kwenye kushindwa ambacho wasifu wa mtu haukielezi, na mhakiki mwaminifu anapaswa kukiacha kikiwa wazi.

Jambo moja la malezi ya Ashe, hata hivyo, halijaniacha. Mwalimu wake, Dakta Robert Walter Johnson wa Lynchburg, aliwafundisha watoto weusi aliowalea kwamba mpira wa mpinzani uliotua nje kidogo ya mstari wauhesabu umeingia, wasibishane na mtu. Ilikuwa adabu, na ilikuwa kinga. Mtoto mweusi akibishana kwenye kiwanja cha wazungu wa Kusini ya miaka ile, mlango unafungwa kwa wote. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alituuliza redioni kwa miaka mingi, *Je, Huu ni Ungwana?* Kwa watoto wa Dakta Johnson ungwana ulikuwa kodi: mwenzako anacheza ndani ya mistari, wewe unacheza ndani ya mistari iliyosogezwa.

Mstari na shahidi

Hapo ndipo Rankine anapoingia. Katika *Citizen*, kitabu chake cha 2014, kuna sehemu ndefu kuhusu Serena Williams, na moyo wake ni robo fainali ya US Open ya 2004 dhidi ya Jennifer Capriati. Mipira ya Serena iliyotua ndani, televisheni ikionyesha wazi, ilitangazwa kuwa nje. Rankine anauliza maswali ambayo mwandishi wa michezo huyakwepa. Nani anayetazama mstari? Anapoutazama, ni mwili wa nani anaouona kwanza? Na mtu akikasirika baada ya miaka ya kukaa kimya, kwa nini hasira yake ndiyo inayokuwa habari? Mechi ile ilisaidia kuleta kamera za kuhakiki mipira, na US Open ikaanza kuzitumia 2006.

Mwaka niliokwenda mimi, Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari kabisa kwa mara ya kwanza. Wale watu waliokuwa wakiinama mikono magotini na kupiga kelele mpira ukitoka hawakuwepo tena. Kuna kamera, na kuna sauti iliyorekodiwa inayotangaza mpira umetoka. Mara mbili niliona mchezaji akigeuka kwa hasira kuelekea kwenye mstari baada ya sauti ile. Hakukuwa na mtu. Akabaki anatazama nyasi.

Ukimsoma Rankine unaweza kusema, afadhali. Mashine haijui rangi ya mtu. Ningekubali haraka, ila tarehe 6 Julai kwenye Centre Court, Anastasia Pavlyuchenkova akicheza na Sonay Kartal, mpira ulitoka wazi na sauti ikanyamaza. Mtu alikuwa ameuzima mfumo upande ule kwa makosa. Mwamuzi alisimamisha mchezo na kuamuru pointi irudiwe. Pavlyuchenkova alishinda mechi, lakini swali likabaki. Shahidi anayeona vibaya unaweza kumlaumu, ukamwandikia kitabu kama alivyofanya Rankine. Shahidi asiyekuwepo utamwandikia nini? Nyuma ya mashine kulikuwa na mkono wa mtu, na ule mkono hauna kiti uwanjani. Mimi bado nachagua kamera, kwa ajili ya Serena na kwa ajili ya watoto wa Dakta Johnson. Nachagua nikijua kwamba kuna mtu amehamishiwa nyuma ya pazia.

Mshindwa mwenye bahati

Tenisi ina cheo kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Mtu akifungwa raundi ya mwisho ya kufuzu, halafu mchezaji aliyekwisha kuingia akajitoa, yule aliyefungwa anaweza kuitwa achukue nafasi. Kwa Kiswahili ningemwita mshindwa mwenye bahati. Amepoteza, na bado yumo.

Wimbledon ya 2025 ilikuwa na mmoja ninayetaka tumkumbuke. Victoria Mboko, Mkanada, alikuwa na miaka 18 wakati ule, mtoto wa wazazi waliotoka Kongo. Alifungwa kwenye kufuzu, akaitwa, akamtoa Magdalena Fręch kwa 6–3, 6–2, kisha akatolewa raundi ya pili. Mwanzoni mwa Agosti, Montreal, mji uleule wa Michael Joyce, aliwafunga mabingwa wanne wa mashindano makubwa, Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na, kwenye fainali, Naomi Osaka, akachukua ubingwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sababu ya kumjua mapema zaidi. Mwaka 2022, Wimbledon hiyohiyo, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda fainali ya wasichana ya wachezaji wawili wawili, 3–6, 6–4, 11–9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la ngazi hiyo. Tulishangilia, kwa haki kabisa. Lakini upande wa pili wa wavu, miongoni mwa wale Wakanada wawili waliofungwa kwa pointi mbili, alikuwepo Mboko. Nani kati yetu alilishika jina la aliyefungwa? Kwenye makala nilizosoma wakati ule waliofungwa walikuwa "Wakanada".

Hata fainali kubwa ya mwaka huo inasimulia hadithi ileile. Tarehe 12 Julai Amanda Anisimova alifungwa na Iga Świątek 6–0, 6–0 kwa dakika 57, jambo ambalo fainali ya wanawake ya Wimbledon haikuwa imeliona tangu 1911. Wengi walimwandikia tanzia. Kabla Septemba haijafika katikati alikuwa amemfunga Świątek huyohuyo New York, akafika fainali nyingine.

Sasa tuje nyumbani. Abdulrazak Gurnah alichapisha *Paradise* mwaka 1994. Ikaingia orodha fupi ya Booker, haikushinda. Aliendelea kuandika, riwaya moja baada ya nyingine mpaka zikatimia kumi, nyingi zikitembea kwenye pwani yetu, kwenye majina ya mitaa tunayoijua. Mwaka 2021 akapewa Nobel, na mwaka 2022 *Paradise* ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakichapa. Nashukuru kuwa ilikuja, na tafsiri yenyewe ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini miaka 28 ilipita. Kwa miaka 28 riwaya ya mtu wetu ilikuwa kiwanja cha pembeni, na sisi tulikuwa tumekaa tunasubiri Centre Court ituite.

Vivyo hivyo kwa tuzo zetu wenyewe. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imefanya kazi kubwa, imetupa vitabu ambavyo visingechapwa. Kila inapotangazwa tunaandika kuhusu mshindi. Orodha fupi tunaipitisha kwenye aya moja. Miswada iliyobaki hatujui hata vichwa vyake. Sisemi kila kilichoshindwa ni kizuri. Mechi nyingine nilizoziona Jumanne ile zilikuwa mbovu, mtu akifungwa kwa sababu alistahili kufungwa. Lakini nilijua zilikuwa mbovu kwa sababu nilizitazama.

Pendekezo langu ni dogo na linawezekana. Kila tunapohakiki kitabu kilichoshinda, tuhakiki na kimoja kilichokuwa nacho kwenye orodha. Tufanye kama McPhee, tugawe kurasa sawa. Tukikaa na kitabu kilichoshindwa, tusikimbilie kusema kilishindwa kwa sababu ya tabia ya mwandishi wake. Tuoneshe ni sura ipi mkono ulipoanza kufikiri. Hiyo ni huduma kwa mwandishi, na ni huduma kwa msomaji atakayekuja kumkuta mwandishi huyo miaka mitatu baadaye akiwa bingwa, akatafuta maandishi ya kwanza kumhusu kwa Kiswahili.

Nimeanza na orodha fupi za miaka miwili iliyopita. Vitabu viwili nimeshavipata, cha tatu kinatafutwa Dar es Salaam. Kikipatikana, nitakiandikia hapa.